Ajali haikuacha jeraha, lakini mama mkwe si yule niliyemzoea

Shikamoo Shangazi,

Nimeolewa, nina watoto wawili, na ninaishi Mikindani nyumbani kwa wakwe zangu. Mume wangu yuko kazini Dar es Salaam, huja akipata ruhusa. Hapa nyumbani tuko mimi, watoto, mama mkwe na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Mwezi uliopita tulikwenda mazikoni Newala. Wakati wa kurudi shemeji ndiye aliyeendesha, kwa Noah aliyoiazima kwa mtu anayemfanyia kazi. Tulipokaribia Mnivata, kwenye vumbi la barabara inayojengwa, shemeji alikuwa akikwepa lori, gari likaserereka, likavuka upande wa pili na kuingia mtaroni, likalalia ubavu wa kulia. Wanakijiji walikuja wakatutoa. Mama alikuwa amekaa nyuma ya dereva, akajigonga kichwa kwenye kioo, juu ya sikio la kulia, akatoka nundu. Mimi nilikuwa mbele nimefunga mkanda, na mwanangu wa miaka sita nimempakata. Hata hakulia. Hakuna aliyetoka damu. Kila aliyetuona alituambia tumshukuru Mungu, na tulimshukuru.

Bima ya gari ilikuwa imekwisha muda wake, kwa hiyo hatukwenda polisi wala hospitali. Usiku ule mjomba wa mume wangu alituita tukakaa. Mama mkwe akasema kwa kinywa chake mwenyewe: "Mwanangu hatawekwa ndani kwa ajili yangu. Mimi mzima." Shemeji alilia mbele yetu. Tukakubaliana yaishie pale, na hata mume wangu asiambiwe, maana yeye na mdogo wake hawajakaa sawa tangu mambo ya fedha za korosho za msimu uliopita. Mama alinishika mkono akaniapisha. Nikaapa.

Siku za mwanzo mama alikuwa vizuri, anapika, anakwenda sokoni. Baadaye ndipo nilipoanza kuona mambo. Anaamka kichwa kinamuuma. Analala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Alibandika ming'oko akaisahau mpaka sufuria ikaungua. Akiswali anapoteza hesabu ya rakaa, kisha anakaa kwenye mswala analia. Juzi aliniita kwa jina la binti yake aliyefariki zamani. Na kandambili ya mguu wa kushoto inamvuka, anaendelea kutembea bila habari.

Tulimpeleka zahanati tukasema anaumwa kichwa tu. Walimpima malaria, hana. Presha ilikuwa juu kidogo. Wakampa vidonge vya maumivu. Siku zote anatumia dawa za presha na aspirini ndogo. Wifi anasema ni uzee, mama ana miaka 72. Mjomba anasema kuna kitu kilimpata kule msibani, na amefanyiwa visomo. Jirani mmoja huja jioni kumchua shingo na kichwa kwa mafuta.

Nilipomweleza shemeji hofu yangu alitetemeka. Akasema twende hospitali, lakini tuseme ameteleza bafuni, maana tukitaja ajali watataka PF3, na PF3 ni polisi. Nikimwambia mume wangu, ndugu wawili watavunjana, na mimi nitakuwa mkamwana aliyeivunja nyumba. Nikinyamaza, je kama kweli kuna kitu kichwani? Na hivi inawezekana kitu kijitokeze baada ya wiki zote hizi, wakati siku ile alikuwa mzima?

Mimi mwenyewe shingo ilikaza siku ya pili yake, haijaachia mpaka leo, na nikipanda daladala moyo unakwenda mbio. Mtoto naye amerudia kukojoa kitandani, tunamtania tu. Hayo ni madogo. Nisaidie kuhusu mama.

Mkamwana, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijasema lolote: ikiwa wakati unasoma hapa mama anatapika, haamki vizuri ukimwamsha, amepata degedege, mkono au mguu umelegea kabisa, au maneno yanamtoka yamekokoteka, weka hili chini, tafuteni gari mwende hospitali sasa hivi. Maneno yangu yatakungoja.

Ikiwa bado anazungumza na kutembea, tukae tuzungumze, ingawa si kwa muda mrefu.

Umeniletea mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni kichwa cha mama. La pili ni kiapo, shemeji, polisi na mume asiyejua. Kwa jinsi ulivyoandika, huwezi kugusa moja bila kuliangusha jingine. Naomba tuyafungue tuyatazame mbalimbali, kwa sababu la kwanza lina saa yake, na la pili linaweza kuzungumzwa hata mwezi ujao.

Ulichouliza kina jibu: ndiyo, inawezekana. Kadiri mtu anavyozeeka ubongo husinyaa kidogo kidogo, nafasi kati yake na fuvu huongezeka, na mishipa myembamba ya damu inayokatiza nafasi hiyo hubaki imevutika. Pigo ambalo kijana angelisahau jioni yake linaweza kuuchana mmoja wa mishipa hiyo. Damu haimwagiki kwa kishindo. Inakuwa kama mtungi uliopata ufa mwembamba: ukiutazama huoni kitu, asubuhi unakuta sakafu imelowa. Damu hujikusanya juu ya ubongo kwa wiki mbili, tatu, hata zaidi, mpaka inapoanza kuukandamiza. Hapo ndipo huja kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, kusahau, kuchanganya majina, mguu kuburuzika. Aspirini nayo, hata ile ndogo, huifanya damu ichelewe kuganda.

Lipo jingine ambalo huenda hukulitilia maanani. Ulisema alijigonga upande wa kulia, na kandambili inayovuka ni ya kushoto. Upande mmoja wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili. Hilo peke yake halithibitishi kitu, lakini daktari akilisikia atakaa sawa kwenye kiti.

Sisemi hicho ndicho alicho nacho mama. Mimi si daktari, na hata daktari asingesema bila kumpima. Inaweza kuwa kiharusi kidogo, kwa mtu mwenye presha. Inaweza kuwa sukari, au maambukizi mwilini, ambayo kwa wazee huanza kwa kuchanganyikiwa kabla ya homa. Ila tazama: katika yote niliyoyataja hakuna la kungojea nyumbani. Na uzee anaousema wifi, sisi tunaouona kwa wazazi wetu, huja polepole kwa miaka. Mama aliyekwenda Newala mazikoni akiwa na akili zake zote hawezi kuzeeka kiasi hicho katika wiki chache.

Zahanati usiilaumu. Walipewa neno moja, kichwa, wakapima wanachopima kwanza huku kwetu. Kutokuwa na malaria kumeondoa malaria tu. Nakuonya pia kuhusu eksirei: ikipigwa ikaonekana safi, mnaweza kurudi nyumbani mmefurahi bure. Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi damu iliyojificha chini yake. Kipimo cha hiyo ni siti skani (CT scan), mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Kwenu pa kuuliza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, kama kilomita 10 kutoka Mikindani, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Mtu apige simu au atangulie kuuliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo. Na mama asipandishwe bodaboda, mtu ambaye mguu wake haujui kandambili imevuka hana wa kumshika kule nyuma.

Watu wengi wakisikia damu kichwani hudhani ni kuaga. Damu ya aina hii ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutolewa kwa kutoboa tundu dogo au mawili kwenye fuvu, na wazee wengi hurudi kupika na kuhesabu rakaa zao. Ikiwa ni kidogo, wakati mwingine madaktari huamua kuiangalia tu kwa ukaribu. Inaweza kuhitajika rufaa ya kwenda Dar es Salaam, kwenye taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Hilo mlijue mapema, kwa sababu linagusa swali la mumeo, nalo nalijia.

Sasa njoo kwenye fundo la pili. Umeandika kana kwamba kumpeleka mama hospitali ni kumshtaki shemeji. Je, ni kweli? Shemeji mwenyewe, ulipomwambia, alisema twende. Alitetemeka, lakini alisema twende. Mimi namwona huyo ni mtoto anayempenda mama yake na anaogopa mambo mawili kwa pamoja, kama wewe. Huenda huna mpinzani katika nyumba hiyo kama ulivyodhani.

Ila hilo la bafuni linanitia wasiwasi, nalo si kwa sababu ya uongo peke yake. Daktari hufuata hadithi anayopewa. Akiambiwa mzee ameteleza bafuni jana, atatafuta jeraha la jana: nyonga, mkono, uvimbe mbichi. Akiona hakuna, anaweza kuandika dawa za maumivu akawarudisha nyumbani. Akiambiwa gari, pigo la kichwa, wiki nne, aspirini, mawazo yake yanakwenda mahali pengine kabisa. Mkiubadilisha wakati, mmebadilisha ugonjwa. Tena ukisema bafuni leo na mama, kwa kuchanganyikiwa kwake, akataja gari mbele ya muuguzi, mtaonekana mnaficha jambo kubwa kuliko lile mnaloficha.

PF3 ipo, sikufichi. Ni fomu ya polisi, na kwa majeraha ya ajali hospitali huiuliza. Lakini mgonjwa aliye katika hali ya dharura anastahili kutibiwa kwanza na fomu ikafuata, na ukiona mtu anataka kumwacha mama benchini kwa sababu ya karatasi, muulize kwa adabu mganga mfawidhi yuko wapi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva atoe taarifa ajali inapojeruhi mtu, na kuendesha gari lisilo na bima ni kosa jingine linalojitegemea. Kwa hiyo shemeji anaweza kuhojiwa, na mwenye gari naye akaulizwa. Sitakuambia hakutakuwa na usumbufu. Ninachoomba mkipime ni hiki: mtu aliyejipeleka mwenyewe akasema nilichelewa kwa hofu, mama yangu anatibiwa, hasimami mahali pamoja na mtu aliyetafutwa baada ya mama kuzidiwa. Na mama akifariki, Mungu amwepushe, kesi haitakuwa hii ya leo. Ukimya mlioapa ili kumlinda shemeji unaweza kuwa ndio unaomweka pabaya zaidi. Kabla hajakwenda kituoni anaweza kumtafuta msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itamwelekeza pa kuwapata.

Kiapo nacho. Najua neno alilokushikia mkono mama mkwe huko kwetu kusini si neno la kutupa, na sitakuambia ulivunje. Ninakuuliza tu: aliogopa nini alipokuapisha? Kwa maneno yake mwenyewe, aliogopa mwanawe awekwe ndani. Hakusema niacheni nisitibiwe. Alisema "mimi mzima", na siku ile ilikuwa kweli. Kuna wakati wa siku ambapo kichwa chake kinatulia zaidi. Kaa naye wakati huo, wewe na shemeji pamoja, mwambie: mama, anayetaka kukupeleka ni huyu huyu uliyekuwa unamlinda. Huenda akakufungulia kiapo yeye mwenyewe. Huenda akakataa. Akikataa, lipo swali gumu zaidi ambalo nakuachia wewe na shemeji: ni nani anayekataa, yule mama wa siku zote, au ugonjwa unaomfanya aite watu kwa majina ya marehemu?

Kuhusu mumeo, naona njia zaidi ya moja na kila moja ina mwiba wake. Ukimwambia wewe leo, ataujua ugonjwa wa mama yake mapema na anaweza kukutana nanyi Muhimbili ikibidi, lakini ataisikia habari ya mdogo wake kupitia kwako, na hicho ndicho unachokiogopa. Shemeji akimpigia mwenyewe, neno litakuwa zito kinywani mwake lakini litakuwa lake. Hatari yake ni kwamba hofu itamfanya aahirishe, siku zipite. Mjomba akiwa kati, heshima ya ukoo inabaki, ila itabidi kwanza mjomba mwenyewe akubali kwamba pengine si kitu cha msibani. Na ukimpeleka mama kwanza, mumeo akaambiwa majibu yakitoka, utakuwa umepata muda, lakini atakuuliza kwa nini alikuwa wa mwisho kujua. Wewe unawajua hawa watu, mimi nawasoma kwenye karatasi. Nashuku tu kwamba unamdhania mumeo hasira moja tu. Mtu anayegombania fedha za korosho na mdogo wake anaweza kuwa mtu mwingine kabisa mama yake anapokuwa kitandani.

Na mjomba usimpinge mbele za watu. Visomo havizuii siti skani, na siti skani haizuii visomo. Kinachonitisha ni kule kuchuliwa. Shingo iliyopata mtikisiko wa gari na haijapimwa haifai kukandwa wala kuvutwa, hata na mikono ya jirani mwema. Muombe apumzike mpaka mama apimwe. Vidonge vya maumivu msimwongezee kwa kukisia, baadhi yake huongeza hatari ya kutoka damu. Aspirini na dawa za presha msizikatize wenyewe, wekeni zote kwenye mfuko, pakiti zake zikiwamo, mwende nazo daktari aamue.

Fedha hukuzitaja, lakini nimezisikia katika kimya chako. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa gharama katika hospitali za serikali. Uliza dirisha la wazee na ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini.

Sasa wewe, uliyejiita madogo. Shingo inayokaza siku ya pili baada ya ajali ni jambo la kawaida kabisa, misuli na kano zilizovutwa ghafla hukasirika zikishapoa. Nyingi hupona. Ya wiki nne inataka kutazamwa, na ikiwa mikono inakufa ganzi au inawasha kama sindano, mwambie daktari siku hiyo hiyo ya mama. Huyo moyo unaokwenda mbio kwenye daladala si udhaifu wa imani. Mwili wako bado uko mtaroni Mnivata. Ukiendelea hivyo kwa zaidi ya mwezi, ndoto mbaya zikija, kuna watu wa afya ya akili hospitalini ambao kazi yao ni hiyo, na hutapewa jina baya kwa kuwaona.

Mtoto ambaye hakulia ndiye aliyenisimamisha kwenye barua yako. Mtoto aliyepakatwa hubanwa kati ya dashibodi na uzito wa aliyempakata, na tumbo halionyeshi. Huku kwetu malaria hukuza bandama, na bandama iliyovimba hupasuka kirahisi, wakati mwingine siku kadhaa baada ya pigo. Maumivu yake yanaweza kujitokeza hata kwenye bega la kushoto. Wiki zenye hatari kubwa amekwisha kuzipita, na kama anakula na kucheza nina matumaini. Lakini mchukue naye, wamguse tumbo. Kuhusu kukojoa kitandani, nakuomba kwa mapenzi yote, acheni kumtania. Aliona bibi yake akigonga kioo, aliona baba yake mdogo akilia, kisha watu wazima wote wakanyamaza. Muulize usiku, taratibu, gari lilipoanguka wewe uliona nini? Kisha umsikilize.

Sijui utaanza na nani, shemeji, mjomba au simu ya Dar es Salaam. Lolote utakalochagua, mkifika mapokezi, kabla ya jina la kijiji na namba ya simu, mmoja wenu aseme haya kwa mfululizo: mama ana miaka 72, anatumia aspirini, aligonga kichwa upande wa kulia ndani ya gari mwezi uliopita, na tangu hapo ameanza kuumwa kichwa, kulala sana, kusahau na kuburuza mguu wa kushoto. Mengine watawauliza wenyewe.

Shangazi yako